Kupima Nguvu ya Udongo wa Kilima: Musuguano na Mushikamano

Wewe mulimaji wa kilimani, unajua udongo wako kwa jembe. Unajua upi ni muzito na upi ni mwepesi, upi unafaa maharagi na upi unafaa mihogo. Lakini kuna jambo moja la udongo ambalo jembe halikuambii: ni nguvu yake ya kusimama. Unakata ukingo nyuma ya nyumba yako, kimo chake karibu mita mbili. Kiangazi chote ukingo unasimama wima kama ukuta wa matofali. Masika inaingia, mvua inanyesha siku tatu, na usiku mumoja ukingo unaanguka juu ya nyumba. Udongo ni ule ule. Kimo ni kile kile. Basi kitu gani kimebadilika?

Tutajibu ulizo hili kwa kupima, si kwa kukisia. Vyombo vinavyotakiwa si vya bei kubwa: mbao chache, kamba, ndoo, mizani, rula, na karatasi ya miraba kama ile ya daftari la hesabu.

Usifikiri kwamba jambo hili ni mchezo wa shule. Katika mwezi wa Mei 2023, huko Kalehe katika Kivu ya Kusini, maji na matope na mawe yalishuka toka milimani yakafunika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Sanduku la mbao haliwezi kuzuia mafuriko ya namna ile. Lakini kingo ndogo na miteremko ya mashamba nazo zinaua, nyumba moja hapa, nyumba mbili kule, na hizo mutu anaweza kuzipima kabla hazijaanguka.

NGUVU MBILI

Udongo unashikwa na nguvu mbili. Ni lazima uzitenganishe akilini, kwa maana maji hayazitendei sawasawa.

Nguvu ya kwanza ni musuguano. Weka tofali juu ya ubao, kisha inua upande mumoja wa ubao polepole. Tofali linakaa, linakaa, halafu linateleza. Tia alama mahali ubao ulipofika. Sasa weka tofali la pili juu ya lile la kwanza, ujaribu tena. Watu wengi wanadhani matofali mawili yatateleza mapema kwa sababu ya uzito. Sivyo. Yatateleza karibu na alama ile ile. Uzito umeongezeka mara mbili, na nguvu ya kuzuia imeongezeka mara mbili pia. Chembe za muchanga zinafanya vivyo hivyo: zikikandamizwa zaidi, zinazuiana zaidi. Huu tunauita musuguano wa ndani, kwa sababu unafanyika ndani ya udongo, chembe juu ya chembe.

Nguvu ya pili ni mushikamano. Chukua bonge la udongo wa kufinyanga, ulivunje kwa mikono. Hakuna uzito juu yake, lakini linakataa. Linajishika lenyewe. Mushikamano hauongezeki kwa sababu umeweka jiwe juu. Unategemea ukubwa wa mahali panapokatika: mahali pakiwa papana mara mbili, nguvu inakuwa mara mbili.

Mutu aliyeunganisha nguvu hizi mbili katika hesabu moja ni Mufaransa Charles-Augustin Coulomb, injinia wa jeshi. Alikuwa amesimamia ujenzi wa ngome katika kisiwa cha Martinique, na huko alilazimika kujua ukuta uwe munene kiasi gani ili uzuie udongo ulio nyuma yake. Alisoma maandiko yake mbele ya wenye elimu wa Paris katika mwaka wa 1773. Kanuni yake ni hii: nguvu ya udongo ni mushikamano, ukiongeza sehemu fulani ya uzito unaoukandamiza. Hata leo mainjinia wa barabara wanaanza na kanuni hiyo.

JARIBU LA KWANZA: CHUNGU YA MUCHANGA

Kausha muchanga juani hata usishikane mukononi. Umwage polepole toka katika karatasi uliyoikunja kama pembe ya ng’ombe, uanguke mahali pamoja. Chungu itakua, na mara kwa mara ubavu wake utaporomoka kidogo. Ukiacha kumwaga, pima kimo cha chungu na upana wa chini. Tuseme kimo ni sentimita 20 na upana ni sentimita 62. Nusu ya upana ni 31. Gawanya 20 kwa 31: unapata karibu 0,65. Hiyo ndiyo hesabu ya musuguano ya muchanga huu, na muteremko wake ni karibu digri 33.

Fanya chungu ndogo, fanya chungu kubwa. Muteremko hautabadilika. Muchanga mukavu hauna mushikamano, kwa hiyo kimo si kitu kwake. Muteremko tu ndio unaotawala. Lakini angalia neno moja: chungu inakupa nguvu ya muchanga uliolegea. Muchanga ulioshindiliwa una musuguano mukubwa zaidi, maana chembe zake zimekaa katikati ya nyingine, na ni lazima zipande juu ya jirani zao kabla ya kuteleza.

JARIBU LA PILI: SANDUKU LA KUKATA

Chungu haifai kwa udongo mwekundu wa kilimani, kwa sababu udongo huo unajishika. Kwa udongo huo tunatengeneza sanduku.

Pigilia mbao nne ufanye kiunzi kisicho na chini wala kifuniko, nafasi ya ndani iwe sentimita 20 kwa 20, kimo sentimita 8. Tengeneza cha pili sawasawa na hicho. Kiunzi cha chini kipigiliwe juu ya meza imara. Kiunzi cha juu kikae juu yake, lakini mbao zisigusane: katikati yao weka misumari myembamba iliyopakwa mafuta, nayo ilazwe kukingamana na njia ya kuvuta, ili kiunzi cha juu kiende juu yake kama mutumbwi unavyokwenda juu ya magogo. Kata ubao mumoja uingie ndani ya kiunzi cha juu bila kukwaruza kando. Huu ndio ubao wa muzigo.

Sasa funga kamba katika kiunzi cha juu, chini kabisa, karibu na mahali vinapokutana viunzi viwili. Ukiifunga juu, kiunzi kitapinduka badala ya kuteleza. Pitisha kamba juu ya kapi ukingoni mwa meza, na mwisho wake tundika ndoo. Kabla ya kutia udongo, vuta kiunzi cha juu kikiwa kitupu, ujue ndoo ilikuwa na uzito gani kilipoanza kwenda. Hesabu hiyo utaiondoa katika vipimo vyote vitakavyofuata, kwa sababu ni nguvu ya misumari na kapi, si ya udongo.

Kuchukua udongo ndiko kazi ilipo. Usiuchimbe kwa jembe ukautia kama unga katika gunia. Udongo uliovunjwavunjwa umepoteza sehemu ya mushikamano wake, na kipimo chake hakitakuambia habari za ukingo wako. Chonga bonge zima kwa kisu kirefu pale pale ukingoni, liwe na kimo cha viunzi viwili, uliingize taratibu hata lijaze nafasi yote. Palipobaki pengo, jaza kwa udongo ule ule. Usilikaushe, usilinyweshe maji. Likitakiwa kungoja siku moja, lifunge katika majani ya mugomba.

Weka ubao wa muzigo, na juu yake mawe uliyoyapima. Uzito unaoandika ni mawe, pamoja na ubao, pamoja na udongo uliomo katika kiunzi cha juu. Anza na kilo 10 kwa jumla. Kisha mwaga muchanga katika ndoo, kikombe kwa kikombe, pole sana. Mutu wa pili atazame kiunzi cha juu bila kugeuza macho. Kitakapokwenda, acha kumwaga. Pima ndoo. Tia bonge jipya, ukaongeze muzigo hata kilo 20. Kisha bonge jingine, kilo 40. Kwa kila muzigo rudia mara tatu, kwa maana udongo wa shamba moja haufanani kila mahali. Vipimo vitatu visipokubaliana kabisa, usiondoe kile usichokipenda. Andika vyote.

HESABU YAKE

Tuchukue mufano wa kufundishia. Udongo wako utakupa hesabu zake wenyewe. Udongo mwekundu, wenye unyevu kidogo, ulivutwa hivi: chini ya kilo 10, ulikatika kwa kilo 25, chini ya kilo 20, kwa kilo 30, chini ya kilo 40, kwa kilo 40.

Katika karatasi ya miraba andika muzigo kwenye musitari wa chini na nguvu ya kuvuta kwenye musitari wa kusimama. Tia nukta tatu. Piga rula katikati yao, uendeshe musitari kushoto hata ufike mahali ambapo muzigo ni sifuri. Utaona kwamba musitari haufiki chini: unakata musitari wa kusimama kwenye kilo 20. Maana yake, hata bila muzigo wowote udongo huu ungezuia kilo 20. Huo ndio mushikamano. Sanduku lina sentimita za muraba 400. 20 ukigawanya kwa 400 unapata kilo 0,05 kwa kila sentimita ya muraba, yaani kilo 500 kwa kila mita ya muraba.

Musuguano nao ni mupando wa musitari. Toka muzigo wa kilo 10 hata 40 umeongeza 30, na nguvu imepanda toka 25 hata 40, yaani 15. Gawanya 15 kwa 30: ni 0,5.

Sasa zamisha mabonge mengine ya udongo huo huo katika maji siku moja na usiku wake, ukiwa umeyaacha ndani ya viunzi na muzigo juu yake. Vuta tena, lakini sasa mwaga muchanga pole zaidi kuliko mara ya kwanza. Udongo uliolowa ukivutwa haraka, maji yaliyofungwa katikati ya chembe hayapati nafasi ya kutoka, nawe hupimi tena chembe peke yake. Tuseme umepata kilo 12,5, kisha 17, kisha 26. Piga musitari. Mupando ni 0,45, si mbali na ule wa kwanza. Lakini kushoto musitari unakata kwenye kilo 8 tu. Mushikamano umeshuka toka kilo 500 hata kilo 200 kwa mita ya muraba.

Hapa jibu la ulizo letu limeanza kuonekana. Musuguano umebaki karibu ulivyokuwa. Kilichopotea ni mushikamano.

KIMO CHA UKINGO WIMA

Kwa hesabu hizi unaweza kujua ukingo wima utaanguka kwa kimo gani. Kwanza pima uzito wa udongo: chonga bonge la sentimita 10 kila upande, ambalo ni litre moja, uliweke kwenye mizani. Likiwa kilo 1,7, basi mita moja ya ujazo ina kilo 1700.

Zidisha mushikamano mara nne, ugawanye kwa uzito wa mita ya ujazo, kisha uzidishe kwa hesabu inayotoka katika musuguano: musuguano ukiwa 0,5, hesabu hiyo ni 1,6, ukiwa 0,45, ni 1,55. Kwa udongo wenye unyevu: 500 mara 4 ni 2000, gawanya kwa 1700, ni 1,18, zidisha kwa 1,6, ni karibu mita 1,90. Kwa udongo uliolowa, ambao sasa una kilo 1900 kwa sababu umekunywa maji: 200 mara 4 ni 800, gawanya kwa 1900, ni 0,42, zidisha kwa 1,55, ni sentimita 65.

Mita 1,90 wakati wa kiangazi. Sentimita 65 wakati wa masika. Ukingo wa mita 1,80 uliosimama miezi minne bila taabu haukuwa imara. Ulikuwa unangoja mvua.

Tena, udongo ukipasuka juu ya ukingo, ufa haushiki kitu, na kimo kinapungua hata theluthi mbili: mita 1,90 inakuwa karibu mita 1,25. Nacho ni kimo cha kuanguka, si kimo cha salama. Mainjinia hawajengi kwa kimo cha kuanguka. Nyuma ya nyumba ambamo watoto wanalala, mimi nasema usikate wima kabisa: lalisha ukingo, au ukate ngazi fupi fupi zenye majani, nawe ujenge mbali nao kuliko kimo chake.

MAJI YANAFANYA NINI

Maji yana ubaya wa namna tatu. Yanaongeza uzito, hilo umeliona. Yanalegeza mushikamano, hilo pia umeliona. La tatu halionekani, na ndilo lililochukua muda murefu kueleweka: maji yanabeba chembe.

Tazama watoto wanaojenga vijumba kwa muchanga wa ziwa. Muchanga mukavu haujengi, muchanga wenye unyevu unajenga, na muchanga uliojaa maji unamwagika kama uji. Maji kidogo yanavuta chembe pamoja, na huo ni mushikamano wa kukopa. Maji mengi yanauondoa, kisha yanaanza kusukuma.

Jaribu hili: toboa ndoo kuukuu kwa chini, uitie muchanga, uweke juu yake jiwe zito lenye upana mdogo. Kisha ingiza maji kwa nguvu toka chini, kwa mupira unaotoka katika pipa lililo juu zaidi. Maji yakipanda kwa nguvu ya kutosha, muchanga unalegea wote na jiwe linazama. Hakuna aliyeongeza muzigo. Chembe hazikandamizani tena, kwa hiyo musuguano umekwisha, ijapokuwa chembe ni zile zile.

Karl Terzaghi aliyaeleza haya katika kitabu alichokitoa huko Vienna katika mwaka wa 1925, baada ya miaka ya majaribio huko Istanbul kwa vyombo vya kawaida. Alionyesha kwamba uzito unaoamsha musuguano si uzito wote ulio juu, bali ni ule unaobaki baada ya kuondoa msukumo wa maji. Tumia jambo hili kwa muchanga wa chungu yetu. Mukavu, ulisimama kwa digri 33. Kilima cha muchanga huo huo, maji yakipita ndani yake kufuata muteremko na kuujaza hata juu, hakiwezi kusimama zaidi ya digri 18 hivi. Ni karibu nusu.

KATIKA SHAMBA

Katika miaka ya 1940 na 1950 idara za kilimo ziliwaamuru watu wa milimani katika Kivu, Rwanda na Burundi wachimbe mifereji ya kukingama kilima. Wengi waliichukia kazi ile, nao walikuwa na sababu, kwa maana ilikuwa ya lazima. Lakini tuseme kweli: penye udongo unaopitisha maji hata chini kabisa, mufereji wa kulala sawa unazuia maji yasichukue udongo wa juu, nao ni kazi njema.

Penye udongo mwingine ni hatari. Ikiwa chini ya udongo wako, kwa mita mbili au tatu, kuna tabaka gumu lisilokunywa maji, basi maji yote uliyoyazuia yanashuka na kusimama juu ya tabaka hilo. Pale ndipo yanapobeba chembe, na shamba zima linateleza pamoja na mifereji yake. Kabla ya kuchimba, tazama penye barabara iliyokatwa, au chimba shimo. Ukiona maji yanatoka kando kwa musitari mumoja, au udongo wa utelezi chini ya udongo mwekundu, usifunge maji pale. Upe mufereji muteremko mudogo, sentimita 50 kwa mita 100, uyapeleke maji polepole hata bonde lenye majani mengi.

Miti inasaidia, kwa maana mizizi inashona udongo kama uzi, nayo ni mushikamano wa namna yake. Lakini ukiikata, mizizi haifi siku ile. Inaoza kwa miaka michache, na ndipo kilima kinapodhoofika, wakati ambapo aliyekata miti amekwisha kusahau. Migomba haitoshi kwa kazi hii. Mizizi yake mingi iko karibu na juu.

Ukiona ufa katika muteremko juu ya nyumba, uzibe mara moja kwa udongo wa kufinyanga ulioshindiliwa, maji yasiingie. Kisha pigilia vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, na juu ya kila kigingi tia musumari. Pima toka musumari hata musumari. Katika Bukavu muteremko wa Funu unakwenda pole pole pamoja na nyumba zilizo juu yake, na wenye elimu wanaupima kwa satelaiti. Vigingi vyako vinafanya kazi ile ile. Wakati wa kiangazi pima mara moja kwa juma. Wakati wa mvua pima asubuhi na jioni, ukaandike tarehe na kipimo kwa makaa nyuma ya mulango, mahali ambapo mama wa nyumba na watoto wakubwa wanaweza kusoma usipokuwapo. Misumari ikiachana kwa sentimita mbili kati ya jana na leo, au mulango uliofungika vema ukianza kukwama, au chemchemi chini ya kilima ikitoa maji ya matope bila mvua mupya, hamisha watu na mbuzi kabla ya usiku, mulale kwa jirani aliye upande mwingine wa kilima.